Vidole vya Kemuma

Mliponiacha nilikuwa nimesimama katikati ya baraza la Sironga, kofia mkononi, na naibu wa chifu Onchiri amenielekezea fimbo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa kuuzwa.

Kwa aliyechelewa kunifuata: mimi ni Nehemiah Ogari. Nimefungwa mara mbili. Mara ya kwanza ni 1961, Mzungu akiwa bado ndiye mshika funguo. Mara ya pili ni 1966, tukizishika wenyewe. Nilipotoka jela 1969 nilitoka na mkia: hakimu alikuwa ameniweka miaka mitano chini ya uangalizi wa polisi. Kila mwezi niende kituoni Nyamira nionyeshe sura. Nisihame bila kusema. Nisitoke wilayani bila ruhusa. Askari abishe mlangoni kwangu saa yoyote, nami nimfungulie.

Sasa ilikuwa 1971, duka la Kantilal pale Nyamira lilikuwa limevunjwa, mablanketi na majora ya vitambaa yamekwenda, na Sironga nzima ilikuwa imeshamjua mwizi kabla umande haujakauka.

Wapo wasomaji wanaouliza mbona sionyeshi majuto. Niliiba, nikafungwa, nikamaliza. Majuto ya ziada sina.

"Ogari," Onchiri alisema, "nguo za Muhindi ziko wapi?"

"Mwulize Muhindi."

Watu walicheka. Onchiri hakucheka.

"Unajibu serikali hivyo?"

"Serikali imeniuliza habari za mali ya Kantilal. Mimi si karani wa Kantilal."

"Duka lilipovunjwa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Askari alibisha, nikamfungulia, akanimulika tochi usoni, akaenda zake. Mwulize na huyo."

"Alibisha mapema. Duka limevunjwa karibu na alfajiri. Ulikuwa na nafasi."

"Hata wewe ulikuwa na nafasi."

Hapo kicheko kilikatika. Nyuma yangu mzee mmoja alisema kwa Ekegusii, lugha yetu, bila haraka, kwamba mtu kama huyu hufungwa kamba kwanza, maswali yakaja baadaye. Vijana waliokuwa wamekaa majanini wakaanza kusimama mmoja mmoja.

Niliwahi kuona mtu akifungwa kamba namna hiyo. Hakufika kituoni.

Nikavaa kofia yangu.

"Kamba ya nini?" nikasema. "Njia ya kituoni naijua kuliko nyinyi nyote. Naenda mwenyewe. Wachukue vidole vyangu wavilinganishe na vya aliyevunja. Anayetaka kunisindikiza avae viatu."

Nikaondoka. Hakuna aliyenigusa. Mtu anayejipeleka kwa polisi hawezi kupigwa vizuri, mkono unakosa pa kuanzia. Walinifuata hadi Nyamira, msafara ukiongezeka kila njia panda, Onchiri mbele akihema, mimi nikipiga mbinja wimbo wa kanisani.

Kituoni palikuwa na inspekta wa CID aliyetoka Kisii mjini. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Sisi huku Kiswahili tunakivuta kwa kamba, na ukikutana na mwenye nacho unajiona uchi.

"Bwana Ogari," akasema. "Nasikia umejileta."

"Nimechoka kuletwa."

Mbele yake palikuwa na faili langu. Aliligonga kwa kidole.

"Wajua kilichomo humu?"

"Najua. Nilikuwepo."

Alitabasamu kidogo, akanionyesha kiti. Kisha akaanza kunieleza kama mwalimu. Akasema kila mwizi ana njia yake. Huyu hupitia dirisha, yule hukunja bati, mwingine humlewesha mlinzi. Polisi huandika. Mtu akivunja Kericho wiki hii na Kisii wiki ijayo, hata akibadili jina kila mto anaouvuka, mkono wake unaonekana ni ule ule.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi," akamaliza.

"Na duka la Kantilal liliingiliwa wapi, afande?"

"Juu. Bati limekunjwa."

"Basi soma faili vizuri. Mimi sijawahi kupanda paa la mtu. Niliingia mlangoni, kwa ufunguo, kama mwenye nyumba."

Askari wawili pale mlangoni walitazama sakafu wasicheke. Inspekta alifungua faili, akasoma, akalifunga.

"Kweli," akasema. "Lakini mtu hujifunza mapya. Mwizi alikanyaga kaunta ya kioo akishuka, na akashikilia kioo. Alama zipo. Zaweza kuwa zake, zaweza kuwa za yeyote anayekigusa kioo kile kila siku. Nitachukua zako, na za watu wote wa duka, tutenganishe. Zitakwenda Nairobi."

Wakaitwa watu wa duka. Kantilal akaja, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alikuwa amechukua uraia, na leseni yake ilikuwa ikichunguzwa kila mwaka kama jino bovu, kwa hiyo mbele ya polisi alikuwa mpole kupita kiasi. Mkewe Bharti akaja nyuma yake. Na nyuma ya Bharti, akifuta mikono kwa kanga, akaja Kemuma.

Kemuma ni mke wangu. Nilimwoa 1964. Nilipofungwa mara ya pili alikuwa na mtoto wetu Nyaboke mgongoni, na watu walimwambia arudi kwao. Hakurudi. Alitafuta kazi kwa Bharti, akapika, akafua, akapangusa kile kioo cha kaunta kila asubuhi, akaningoja. Hayo niliyasimulia, siyarudii.

Kantilal alitoa vidole akilalamika kwamba wino utachafua shati lake. Bharti akatoa vyake. Mimi sikungoja kufundishwa. Nililegeza mkono nikamwachia askari aviringishe kidole kimoja kimoja, maana anayekaza huharibu karatasi, mkaanza upya.

Ikafika zamu ya Kemuma. Akarudi nyuma.

"Mimi sikuiba kitu," akasema. "Sitoi."

"Hakuna aliyesema umeiba, mama," inspekta akamwambia. "Ni kutenganisha tu."

"Nimekataa."

Inspekta hakumlazimisha. Likumbukeni hilo. Aliinua mabega, akaanza kukunja karatasi zake.

Ni Onchiri aliyesema, pale mlangoni, kwa sauti ya kufika hadi kwenye umati nje: "Mke wa mwizi anaogopa nini?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimeushinda umati tangu Sironga, nimemjibu inspekta hadi askari wakabana vicheko, na sasa huyu mtu wa fimbo anashinda kupitia kwa mke wangu. Nikamshika Kemuma mkono nikamvuta mezani.

"Ise Nyaboke," akaninong'oneza. Ndivyo tunavyoitana kwetu, mume na mke, kwa jina la mtoto. "Usinifanyie hivi."

"Nakutendea heshima," nikamwambia. "Hatuna la kuficha. Waone."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, hata na hakimu. Kisha akaulegeza mkono. Aliulegeza vizuri, kidole kimoja kimoja, askari hakupata taabu yoyote.

Sikulitia maanani. Nilikuwa namtazama Onchiri.

Sikufungiwa. Badala ya kuripoti kila mwezi niliambiwa niripoti kila siku hadi majibu yarudi. Kila asubuhi natoka Sironga, nafika, nasimama mbele ya meza, naambiwa nenda. Njiani watoto wa shule wakaanza kunisalimu kwa heshima, wakidhani nimeajiriwa.

Nyumbani Kemuma alikuwa amebadilika. Alipika kama kawaida, akasali kama kawaida Sabato ilipofika, lakini maneno yalimpungukia. Jioni moja, tukimenya ndizi, akauliza:

"Zile karatasi, zikifika Nairobi, zinafanywaje?"

Nilifurahi kuulizwa. Jela nilikuwa nimekaa na mtu aliyekuwa akifagia ofisi za CID, na alinifundisha.

"Wana kabati ukubwa wa kanisa," nikamwambia. "Hawapangi kwa majina. Jina ni shati, mtu hulivua. Wanapanga kwa michoro ya vidole. Hii imezunguka, hii imekunjwa kama sikio la kikapu. Hata ukizeeka, hata ukioa, hata ukiokoka, karatasi inakujua."

"Kwa hiyo wanalinganisha na ile ya kioo tu?"

"Wanalinganisha na zote. Ndiyo kazi yao."

Akaendelea kumenya. Kisha: "Twende Nyansiongo."

"Kufanya nini?"

"Kukamua. Waliogawiwa mashamba ya Wazungu wanatafuta watu. Twende kesho, na Nyaboke."

"Nikihama wiki hii watasema nimekimbia."

"Waseme."

"Siku hizi unaongea kama mwizi, Ng'ina Nyaboke."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani mwangu. Nikamwambia sitahama hata kwa winchi, na Onchiri atanikuta pale pale. Hakulitaja tena.

Siku ya majibu waliniita mimi na Onchiri pamoja. Inspekta wa pwani alikuwa amerudi.

"Bwana Ogari, uko huru katika jambo la Kantilal," akasema. "Yuko mtu amekamatwa Sotik na mablanketi. Huyu hutembea na masoko, Kisumu, Kisii, Kericho, hukunja bati siku moja kabla ya soko na kesho yake huuza kwingine. Ana majina mengi kuliko mashati. Alama za kioo kile ni zake."

Onchiri alisafisha koo. "Haya, yameisha. Twende nyumbani, Ogari."

"Hayajaisha," nikasema. "Uliniita mwizi mbele ya baraza. Nisafishe mbele ya askari."

"Usinichezee."

"Afande yuko hapa. Ninangoja."

Inspekta alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Onchiri alitazama mlango, akatazama fimbo yake.

"Hukuiba," akasema.

"Sikusikia vizuri."

"Hukuvunja duka la Kantilal." Akalisema kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, na askari wote wakasikia.

Utamu ule naukumbuka hadi leo. Haukudumu hata kama wa peremende.

"Naibu wa chifu atupishe," inspekta akasema. Onchiri alipotoka, mlango ukafungwa. "Keti, Bwana Ogari. Liko jambo la pili."

Nikaketi.

"Mkeo ulimwoa mwaka gani?"

"Sitini na nne."

"Alikuambia katoka wapi?"

"Bomachoge. Nilipeleka ng'ombe wa mahari huko kwa miguu yangu."

"Na kabla ya Bomachoge?"

Nikaona kwamba katika miaka saba sikuwahi kuuliza.

Akachomoa picha akaiweka mbele yangu. Msichana amenyolewa kichwa, ameshika ubao wenye namba kifuani. Macho yake yalikuwa yanamtazama mpiga picha kama anayemwambia, fanya haraka nina kazi.

"Huyu anaitwa Persis," inspekta akasema. "Alikuwa akiiba madukani Nakuru, Kericho na Kisumu. Huvaa vizuri, huuliza bei za vitambaa, hutoka na jora chini ya kanga. Akahukumiwa mara ya pili, akafungwa, akatoka 1963 chini ya uangalizi wa polisi, kama wewe. Aliripoti Nakuru miezi minne. Wa tano hakuonekana. Tumemtafuta tangu hapo. Mwanamke hapewi kipande cha kitambulisho, nani atamwuliza karatasi? Alibadili jina akaingia katika ndoa. Kama si vidole, tungemtafuta hadi tuzeeke."

Nilitazama ukuta.

"Miaka miwili umekuja hapa kila mwezi," akaendelea, na sauti yake haikuwa na kejeli. "Aliyekupikia uji kabla hujatoka alikuwa yeye."

Nakumbuka nilisikia hasira kwanza. Hasira ya kudanganywa, na mtu mzima, miaka saba, kwenye blanketi langu. Ningekuwa peke yangu ningevunja kitu. Kisha nikauona ule mkono wake ukilegea mezani, mimi nimeushika. Hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Nisaidie," inspekta akasema. "Niambie kwa mdomo wako kwamba huyu wa pichani ndiye mkeo, niandike. Nami nitamwandikia mkubwa wangu kwamba umeshirikiana. Miaka yako iliyobaki inaweza kufutwa. Hutarudi tena kwenye meza hii."

Wasomaji wangu, hamjawahi kubishiwa mlango na mtu anayekumulika tochi mbele ya mtoto wako. Nilijua alichokuwa akinipa.

Nikaishika ile picha, nikaisogeza kwenye mwanga, nikairudisha.

"Huyu simjui."

Tangu nitoke jela sikuwa nimemdanganya polisi hata mara moja. Uongo ule ulitoka umenyooka kama Kiswahili chake.

Inspekta alishusha pumzi, akaita. Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, na Kemuma akatoka na askari. Walikuwa wamemchukua kwa Kantilal asubuhi ile nami nikiwa njiani. Alikuwa amesikia yote.

"Acha, Ise Nyaboke," akasema. "Ni mimi."

Kisha akamgeukia inspekta, akaongea naye Kiswahili cha mjini, chepesi, cha Nakuru, ambacho sikujua kama anacho. Nyumbani tulikuwa Ekegusii tu.

"Miezi minne niliripoti," akamwambia. "Kila nilipopata kazi ya kufua, askari wenu alikuja kumweleza mwenye nyumba mimi ni nani. Nikafukuzwa hapa, nikafukuzwa pale. Nikaona mnanilinda nisiibe kwa kuninyima chakula. Basi Persis nikamwacha pale pale Nakuru, mmlinde vizuri, mimi nikaenda zangu kuishi. Tangu siku hiyo sijagusa cha mtu. Andika na hilo."

"Sheria haisemi hivyo, mama."

"Najua isemavyo. Nilikuwa naisikia kila mwezi."

Nikamgeukia Kemuma. "Na wale ng'ombe niliwapeleka kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu. Ni shangazi wa kweli. Na Kemuma ni jina la nyanya yangu, alinipa mwenyewe. Sikukudanganya yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenishika mkono unipeleke kuripoti."

Inspekta alitazama kando. Mimi sikuwa na pa kutazama.

"Ulikuwa na nafasi ya kukimbia," nikasema. "Karatasi zilipoondoka. Mbona ulibaki?"

"Ningekimbia, ni nani wangemfunga?" akaniuliza. "Wangesema ulijua ukanificha. Ningekuwa Nyansiongo nakamua, na wewe uko jela kwa ajili yangu."

Nje palikuwa na kelele. Bharti alikuwa amefika, peke yake, viatu vimejaa vumbi, akibishana na askari wa zamu hadi akapishwa.

"Huyu ana funguo za kabati langu miaka mitano," akamwambia inspekta. "Dhahabu ya mama yangu iko humo. Haijapotea hata sindano. Nani mwizi hapa?"

"Hakuna anayesema kaiba kwako, mama. Anatakiwa Nakuru kwa kutoroka uangalizi. Anaondoka kesho, mahakama ni Alhamisi. Hayo unayosema hakimu akiyasikia yatamsaidia sana. Uko tayari kwenda?"

Bharti alifungua mdomo. Kantilal alikuwa ameingia nyuma yake. Akamshika mkewe kiwiko, akamwambia maneno machache kwa lugha yao, na neno moja tu nililielewa: leseni. Bharti akafunga mdomo. Macho yake yakajaa machozi ya hasira.

"Nitasema mimi," nikasema.

"Wewe hutoki wilayani bila ruhusa," inspekta akanijibu.

"Nipe ruhusa."

"Haitoki kwangu. Naweza kuipendekeza tu." Akaigonga ile picha kwa kidole. "Na sasa hivi umenitazama usoni ukaniambia humjui. Nimpelekee mkubwa wangu jina la mtu kama huyo?"

"Alikuwa anamlinda mkewe," Bharti akasema.

"Najua. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Lakini siwezi kuliandika." Akasimama. "Ukivuka mpaka, Ogari, ni jela. Sitakuwa na namna."

Walimpitisha Kemuma mlangoni. Onchiri alikuwa bado yuko uwanjani, anangoja kuona, na alipomwona ametiwa pingu akafungua kinywa kusema neno. Kemuma alimtazama, akamwambia kwa Ekegusii, kwa upole kabisa: "Mogaka, mzee wangu, funga. Nzi wataingia."

Hakulia hata kidogo. Nami sikulia mbele yao.

Nyaboke nilimpeleka kwa mama yangu, Esnah. Nilimweleza yote mbele ya jiko, bila kuficha. Mama alisikiliza, akachochea moto.

"Ukivuka watakufunga," akasema.

"Najua."

"Na yeye hata hivyo wanaweza kumfunga."

"Najua."

"Basi vaa koti. Nakuru kuna baridi."

Nilitembea hadi Nyansiongo. Pale kulikuwa na lori linalopeleka maziwa upande wa Sotik, na dereva hakuwa mtu wa maswali. Aliniambia nipande mbele niache kukaa na mikebe, na nikakaa mbele, mgongo wima, mtu yeyote anione. Jua lilikuwa limepanda juu ya mashamba ya chai. Nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia hakimu: huyu mwanamke aliachiwa funguo na mwenye dhahabu, akaachiwa mtoto na mume aliye jela, vyote akavirudisha.

Tukakaribia Chebilat, mpakani. Ng'ambo yake ni wilaya nyingine. Ng'ambo yake mimi ni mhalifu.

Barabarani palikuwa na kizuizi. Walikuwa wakikagua ng'ombe wa wizi, maana msimu ule watu wa pande zote mbili walikuwa wakichukuliana mifugo. Dereva akasimamisha. Askari mmoja akalizunguka lori, akachungulia mikebe, akaja upande wangu. Alikuwa kijana, kofia imekaa vizuri, daftari mkononi.

"Kipande."

"Nimekisahau nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Nakuru. Mke wangu ana shida huko."

Hilo lilikuwa kweli, na alilipokea kama kweli. Akafungua daftari.

"Jina?"

Miaka yote ile sijawahi kulikimbia jina langu. Nililisema kwa hakimu mara mbili. Nililisema kila mwezi mbele ya ile meza, na nilipozomewa nalo barazani niliitika. Kemuma alilivua lake akaishi. Mimi nililivaa langu kama ngozi, nikajiona dume.

"Manasseh Ongeri," nikasema. "Wa hapa hapa Nyansiongo."

Akaandika. Aliandika polepole, herufi moja moja, kisha kalamu yake ikasimama. Akainua kichwa akanitazama, akatazama koti langu, akatazama viatu vyangu vyenye udongo mwekundu wa Sironga. Dereva akakanyaga mafuta kidogo, lori likatetemeka.

Yule askari akaweka mkono wake dirishani, akaacha Kiswahili, akaniambia kwa Ekegusii safi cha nyumbani:

"Mimi pia ni wa Nyansiongo. Ongeri yupi?"